Mashua Aliyoiacha Celestini

Bartholomayo hakuwa mtu wa kuomba mambo makubwa. Tangu habari ya kifo cha mwanawe Celestini ifike kutoka vitani, alibaki na ombi moja tu, ambalo hakulitamka hata mbele ya mkewe: Nimpaye, mjane wa Celestini, asiondoke pale nyumbani. Matanga yangeondolewa Jumamosi. Siku hiyo wazee wa ukoo wangemwuliza Nimpaye kama anakubali kurithiwa na Leonidasi, mdogo wa marehemu, au anarudi kwao Biharamulo. Leonidasi alikwisha kusemeshwa, naye aliinamisha kichwa tu. Nimpaye ndiye hakuna aliyejua atasemeshwa vipi, maana baba mkwe na mkamwana hawakai wakazungumza.

Ndivyo walivyolelewa watu wa kijiji kile cha Nyakisasa, na ndivyo alivyolelewa Nimpaye huko Burundi kabla wazazi wake hawajakimbia. Mkamwana halitaji jina la baba mkwe, hapiti mbele yake, hampi kitu mkononi. Anakiweka juu ya kigoda, anarudi nyuma, mzee anakichukua. Waliishi hivyo miaka minne, nyumba mbili jirani katika mstari wa nyumba za kijiji cha ujamaa, na kwa miaka yote hiyo Bartholomayo alimjua mkamwana wake kwa kikohozi chake na kwa mapigo ya mchi wake.

Mashua ndiyo iliyowasogeza.

Celestini alikuwa fundi wa redio. Katika gazeti moja la zamani la misheni aliona picha ya Wazungu wamesimama kando ya bwawa, wanaendesha mashua ndogo ya umeme kwa redio walizoshika mikononi. Alirudi nyumbani anakimbia. "Baba, mashua inasikia redio! Unaiambia geuka, inageuka!"

"Heri hiyo," alijibu mzee. "Mimi nina mbuzi hasikii hata fimbo."

Ya kuongozwa kwa redio hakuiweza, vifaa angevitoa wapi? Lakini ya umeme aliianza. Alichonga mashua ya urefu wa mkono kwa mti uleule wa kuchongea ngoma, akang'oa mota katika gramafoni mbovu ya betri, akakata pangaboi la kusukuma maji kutoka kopo la mafuta ya kupikia. Kisha lori la kuchukua mgambo likaja, mwishoni mwa mwaka wa sabini na nane. Akaipachika mashua darini, akasema ataimalizia akirudi.

Mwenzake aliyerudi alisema Celestini alizikwa vizuri huko Uganda, na kwamba watu walivua kofia. Hapo nyumbani hapakuwa na kaburi la kufagia. Ndiyo maana wiki ile ya kuondoa matanga mzee aliitelemsha mashua. Alisema moyoni kwamba mtu aliyezikwa mbali asiachiwe na kazi yake imening'inia.

Yeye mwenyewe alikuwa fundi baiskeli. Alipitisha kipande cha antena ya redio katika tundu la nyuma ya mashua, kiwe bomba. Ndani ya bomba akapitisha spoki ya baiskeli aliyoinyosha vizuri. Ncha ya nje akaifunga pangaboi. Ncha ya ndani akaiunga na mota kwa kipande cha mpira wa valvu, ule mwembamba wa kuzuia upepo kwenye tyubu. Akagusisha waya kwenye mawe, betri za redio. Mota ikalia kama nyuki aliyefungiwa chupani, mashua nzima ikatetemeka, mpira ukachomoka.

Akarudia. Ukachomoka.

"Mama," sauti ya Nimpaye ilitoka mlangoni mwa jiko, "mwambie Baba mota imekaa juu kuliko bomba."

Marsiana, mke wa Bartholomayo, alikuwa katikati ya ua akichambua maharage. "Baba Celestini, unaambiwa mota imekaa juu."

"Nimesikia. Amejuaje?"

"Anauliza umejuaje."

"Mwambie Celestini alikuwa akiniweka nyuma ya mashua nitazame kwa jicho moja, mpaka spoki na mota vionekane kitu kimoja."

"Anasema alikuwa akiwekwa nyu... Aa! Mimi posta?" Marsiana alisukuma ungo. "Ogopaneni hivyohivyo, mashua itaota uyoga. Naenda kutazama chungu changu."

Wote watatu walijua hakuna chungu motoni.

Bartholomayo alikohoa. Halafu Nimpaye akaja, akapiga magoti nyuma ya mashua, uso ameuelekeza pembeni kwa adabu. Kwa pembeni hakuona kitu. Akageuka, akafumba jicho moja.

"Kushoto, Baba. Kidogo. Hapo umepitiliza."

Mzee alichomeka vipande vya tairi chini ya mota, kimoja baada ya kingine.

"Shusha. Bado. Shusha tena."

Ilipofika zamu ya kulehemu, kigoda hakikusaidia. Mkono mmoja wa mzee ulishika chuma cha moto, wa pili ulishika waya wa risasi ya kuyeyusha, na bomba likabaki bila mwenyewe. "Lishike," alisema. Nimpaye alisita, akalishika, vidole vyake karibu kabisa na vya mzee. Ndipo Bartholomayo alipoziona alama ndogo za kuungua juu ya vidole hivyo, alama za risasi ya kulehemu, zilezile alizokuwa nazo mwanawe. Akaduwaa. Kumbe jioni zote zile alizodhani wale wawili wamelala, walikuwa wakishikiana vyuma.

"Zilikuuma?" aliuliza.

"Yeye ndiye aliyekuwa akipiga kelele, Baba. Mimi niliungua, yeye akalia."

Mzee alicheka kwa pua. Kisha akachukua koleo, akaanza kukaza waya wa kubana mota, akakaza zaidi, mpaka ubao ukalia.

"Usiibane, Baba. Celestini alikuwa akisema spoki ukiilazimisha ipite isikotaka, itazunguka, lakini itamaliza mawe yote."

Bartholomayo aliweka koleo chini. "Unasema spoki, au unasema Leonidasi?"

Nimpaye aliinama. Mabega yakamtikisika, na mzee akajilaumu kwa kumliza mjane. Alipoinua uso, alikuwa anacheka, na machozi yalikuwamo pia.

"Nilikuwa nasema spoki. Lakini hata Leonidasi, Baba... Nilipoolewa hapa alikuwa anaiba sukari, na mimi ndiye niliyekuwa namficha nyuma ya mtungi. Nitamwitaje mume wangu?"

Ombi moja la mzee lilikuwa limesimama mbele yake, nalo lilikuwa na sura ya mtoto mwenye sukari mdomoni. Alichovya kidole katika samli, akaijaza ndani ya bomba ili maji yasipenye, akasema, "Kesho asubuhi, bwawani."

Bwawa la samaki lilichimbwa na kijiji kizima, na kiangazi maji yake ya asubuhi huuma kama meno. Waliiweka mashua majini, Marsiana naye amefuata na kanga mbili mabegani. Mota ikanguruma, pangaboi likageuka mara moja, likakwama. Mzee alichomoa spoki. Samli ilikuwa imeganda juu yake, nyeupe, ngumu kama mshumaa.

"Samli!" Marsiana alipiga makofi. "Fundi mzima! Umeona wapi samli ikakaa laini kwenye baridi hii? Ungeipaka basi na manukato, tujue ni bibi arusi."

"Wewe ungetia nini?"

"Mafuta ya mbarika. Nimewapaka watoto wangu wote, kipupwe na masika, hayajaganda hata siku moja."

Akatoka mbio kuyaleta. Mzee na mkamwana walifuta bomba kwa unyoya wa kuku, wakalijaza mafuta yale mazito ya manjano, wakairudisha mashua majini ikiwa imefungwa uzi wa ndoana. Safari hii mota haikupiga kelele. Ilivuma chini chini, na mashua ikaondoka ukingoni kama iliyokumbuka shughuli, ikichora mfereji mwembamba nyuma yake. Ilikwenda ikiegemea kulia. Nimpaye akaulegeza uzi, akauvuta, ikanyooka.

Marsiana alijifunika mdomo kwa kanga.

Bartholomayo hakutazama mashua kwa muda mrefu. Alimtazama Nimpaye, uzi mkononi, uso wazi kuliko alivyowahi kuuona, akaona kwamba mtu huyu akimbakiza kwa amri ya wazee, uso huo hatauona tena. Ilimchoma. Alingoja mpaka uchungu ukakaa mahali pake.

Jumamosi wazee walikusanyika. Matiasi, kaka yake Bartholomayo, alisafisha koo ili aulize swali. Bartholomayo akamtangulia.

"Kaka, swali hilo tuliache. Huyu ni mwanangu, na harithiwi. Akitaka kukaa, atakaa hapa kwetu, kwa mama yake. Akitaka kwenda, ataenda, na mlango hautafungwa nyuma yake."

"Nani kakuambia hataki?"

"Yeye mwenyewe."

"Mkweo? Mliongea lini nyinyi?"

"Tulikuwa tunaunda mashua."

Matiasi alitazama wenzake. "Mnaona? Huu ndio ujamaa wenyewe, hata wakwe wamewekwa shamba moja." Wazee wakacheka, na Leonidasi, pembeni, akapumua kama mtu aliyetuliwa gunia.

Nimpaye alisema angependa kwenda kwa mama yake mzazi, Biharamulo. Alilisema taratibu, macho chini, na Bartholomayo akaitikia kwa kichwa kabla hajamaliza.

Nkeshimana, kaka yake Nimpaye, alikuja kumchukua na baiskeli yenye breki mbaya. Mzee aliitengeneza bila kuombwa. Kisha akafanya jambo ambalo baba mkwe halifanyi: akawasindikiza, mpaka pale njia ya Biharamulo inapoachana na ya kwenda Rusumo.

Aliporudi, Marsiana alikuwa mlangoni.

"Wamekwenda?"

"Wamekwenda."

"Alikuwa analia?"

"Hapana." Bartholomayo alikaa kizingitini, akavua viatu. "Alikuwa anabishana na kaka yake juu ya nani akae mbele aendeshe. Nimewasikia mpaka kilimani."

"Nani alishinda?"

"Yeye."

Marsiana akasogea, akakaa karibu naye.