Mayai Juu ya Maji

Brashi alipolazwa hospitalini, hakumwachia dada yake wosia wala funguo za sanduku. Alimwachia tangi la kioo lenye konokono wawili wa manjano, na agizo moja.

"Dada, yule jike ametaga. Kile kishada cha rangi ya waridi kilichogandia kiooni juu ya maji, usikiguse. Kipe unyevu kidogo tu."

Brashi alikuwa mchora mabango, na dada yake fundi cherehani. Tangu mama yao afariki walikuwa wakiishi vyumba viwili vinavyopakana, kila mmoja akimsikia mwenzake akikohoa. Mikono ya dada mtu haikujua kukaa bure. Siku ya tatu alikitazama kishada, akaona kimekauka kama ukoko. Akajisemea, mtoto wa maji huponywa na maji. Akakibandua kwa wembe wa kufumulia nyuzi, akakitumbukiza tangini.

Siku ya saba maji yakanuka. Mayai yalikuwa yamegeuka uji. Ndipo muuza samaki wa mapambo alipomweleza kwamba watoto wa konokono yule huvuta hewa wakiwa ndani ya yai, ukiwazamisha, umewaua.

Jioni hiyo alikwenda wodini. Brashi alikuwa amekonda, macho yamegeuka manjano.

"Wanangu vipi?" aliuliza, hata salamu hajaitikia.

Dada alifungua mdomo aseme kweli, ulimi ukateleza. "Wameanguliwa."

"Wangapi?"

"Nani atawahesabu? Wamejaa kama ufuta!"

Brashi akacheka, mara ya kwanza tangu alazwe, hata mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka. Akaanza kuagiza: mdomo wa mashine ya kuchujia maji uvikwe sponji, wasije wakafyonzwa, maganda ya mayai ya kuku yasagwe, wapate gamba gumu, tango lichemshwe mpaka lilegee. Dada akaitikia kila neno. Ikawa kila jioni anazua jipya: mmoja kapanda kioo, mwingine kapanda mgongo wa mama yake. Nyumbani alilipita lile tangi uso kaugeuzia ukutani.

Wiki ya tano daktari alimwita kando. Hawakuwa na la kuongeza. Afadhali mgonjwa akauguziwe nyumbani.

"Nisogeze kwenye tangi," Brashi alisema alipofikishwa. Akaegemeza paji la uso kwenye kioo, akatazama kwa muda mrefu. Dada alisimama nyuma yake, anatamani ardhi ipasuke.

"Dada, mayai haya hukaa wiki mbili, tatu. Wewe uliniambia yameanguliwa siku ya saba."

"Ulijua?"

"Tangu siku ile ile."

"Ukaniacha niseme uongo wiki nne nzima?"

"Pale wodini kila aliyekuja aliniuliza nimekula nini na kama nimepata choo. Wewe peke yako ulikuja na habari. Ningekukatiza vipi?"

Dada akaketi sakafuni, akalia kwa kwikwi. "Niliwazamisha, ndugu yangu. Kwa mikono yangu hii."

"Hukujua," Brashi alisema. Pumzi yake ilikuwa haba.

Baada ya siku chache jike akataga tena. Safari hii Brashi aliagiza kutoka kitandani, naye dada akatenda. Kishada kikalazwa juu ya tambara bichi, ndani ya kopo lenye matundu, kopo likaelea tangini penye joto. Kila asubuhi alimletea kopo mbele ya macho. Rangi ya waridi ikafifia, ikawa kijivu.

"Wamekaribia," Brashi alinong'ona siku moja. Kesho yake hakuweza kunong'ona. Keshokutwa, adhuhuri, akafariki, kichwa chake mapajani mwa dada.

Nyumba ikajaa watu. Tangi likasukumwa pembeni kupisha mikeka, na mtu akachomoa waya wake ili achaji simu. Dada alilikumbuka siku ya pili baada ya maziko. Alipofunua kopo aliwakuta wameanguliwa, wadogo kama vichwa vya pini, wengi wamekauka ukingoni. Waliokuwa hai walikuwa kumi na mmoja.

"Wadudu gani hao?" shangazi aliuliza. "Nikawamwage?"

"Hapana, shangazi. Nichemshie tango."

Shangazi alimtazama usoni, akaenda jikoni. Dada akachomeka waya, akakata kipande cha sponji ya mabega ya koti, akauvika mdomo wa mashine.

Wiki ile wakafa watano. Mwisho wa mwezi walibaki wanne. Kila asubuhi aliwahesabu, kisha akaketi kwenye cherehani yake, na hakuna aliyemuuliza habari zao.