Wageni wa Imakulata

Jumanne asubuhi Imakulata alikuwa amechuchumaa uani kwao, Nguvumali, akipepea jiko la mkaa ili uji uchemke kabla hajaondoka kwenda shule, alipoona watu wamekaa kwenye ukingo wa beseni la vyombo. Urefu wao ulikuwa wa kidole cha kati. Mmoja alivaa suti. Mama mmoja alikuwa kasukwa nusu ya kichwa. Bwana mwingine alikuwa amekaa kama aliye chooni, suruali magotini, kwa kuwa kila mtu alikuja vilevile alivyokuwa alipokuwa akiitazama video ya Imakulata mtandaoni. Bibi Benedikta alitoka ndani, akamfunika yule bwana kwa kipande cha kanga, akawaambia wote karibuni.

Hapo bibi aliharibu. Mgeni ukishamkaribisha humfukuzi, hata kama ni wa kutia mfukoni. Wakahamia.

Video yenyewe ilikuwa fupi. Mwalimu Tahiri wa Historia, kijana mtanashati mwenye wafuasi wengi mtandaoni kuliko waumini wa misikiti yote ya Tanga Ijumaa, alikuwa ameuliza darasani mkonge uliletwa kutoka wapi. Imakulata, ambaye mkono wake ulikuwa haukosi hewani, alisimama akajibu: Muheza. Wala hakuhitaji kufikiri. Babu yake alitoka bara kuja kukata mkonge Muheza, akaukuta umejaa tele, na nyumbani kwao hakuna aliyewahi kusikia kwamba ulitoka pengine. Jibu lilikuwa Meksiko. Mwalimu alijua kwamba atakosea, ndiyo maana simu ilikuwa tayari mkononi. Akaipandisha video mtandaoni, akaiwekea muziki.

Wageni hawakula, hawakunywa, hawakusikia salamu. Kazi yao ilikuwa moja tu: Imakulata akifungua kinywa, wanacheka. Kicheko chao kilikuwa kama mlio wa mbaazi kavu zinazopetwa kwenye ungo. Akisema shikamoo bibi, wanacheka. Akipiga miayo, wanacheka. Akifungua kitabu wanakaa juu ya ukurasa, tena pale pale anaposoma, na ukiwasogeza wanarudi. Wiki ya kwanza hakulala vizuri. Ya pili sketi ikaanza kumpwaya, akaifunga kwa pini.

Chiku, aliyekaa naye dawati moja, alimwambia, "Shosti, si ungesema kama umefungua gesti? Ningekuletea mashuka."

Imakulata alicheka, nao wakacheka, ikabidi wawasubiri wamalize.

Darasani mambo yalibadilika kimyakimya. Mwalimu akiuliza swali, wote wanatazama viatu. Hata Rama, aliyekuwa anajibu maswali ambayo hayajaulizwa, alianza kukohoa kila anapotajwa. Mwalimu Tahiri aliisifu sana nidhamu hiyo. Wanafunzi wenyewe hawakuruhusiwa simu. Zilizokamatwa zilivunjwa kwa nyundo mbele ya mlingoti wa bendera, naye Mwalimu Tahiri akarekodi.

Mwisho Bibi Benedikta aliitwa shuleni. Mkuu wa shule, mama mnene mpole ambaye wote walimwita Madamu, alieleza kwamba wageni hawaruhusiwi ndani ya uzio saa za masomo, na kibao kipo getini. Mwanafunzi aliyeleta wageni bila kibali atasomea kwenye korido mpaka awaondoe. Njia nyingine, alisema, ni rahisi zaidi: Imakulata arekodi kipande kidogo na mwalimu wake, aseme lile jibu lilikuwa mchezo walioupanga wawili. Mwalimu Tahiri aliongeza kwamba hata yeye binti itamfaa, atapendwa.

Mmoja wa wageni alikuwa amepanda juu ya muhuri wa shule. Madamu alimsogeza kwa ncha ya kalamu.

"Sikuigiza, Madamu," Imakulata alisema. "Nilikosea. Nikikatazwa kukosea darasani, nikakosee wapi? Sokoni?"

Wageni walicheka. Madamu alingoja kicheko kiishe, kisha akamwambia mtoto mzuri hajibizani na wakubwa.

"Mimi niliwakaribisha tu," Bibi Benedikta alisema. "Aliyewaalika huyu hapa, kadi kaiweka mfukoni."

Mwalimu Tahiri aliushika mfuko wake, akasema hiyo ni simu yake binafsi. Madamu akakubali kwamba ni yake binafsi. Kikao kikafungwa kwa sala.

Basi Imakulata akasomea kwenye korido. Alibeba kiti chake, akakiweka chini ya dirisha la darasa, wageni wakajipanga kwenye nondo kama nguo za kuanikwa. Siku hiyo Mwalimu Tahiri alikuwa anafundisha manamba, wale vibarua waliochukuliwa bara kuja kwenye mashamba ya mkonge. Darasa lilitazama viatu. Mkono ukapita katikati ya nondo, ukanyooka.

"Mwalimu, nina swali. Manamba akichoka kabla mkataba haujaisha, aliruhusiwa kurudi kwao?"

Mwalimu Tahiri alitoa simu. Jioni wageni wapya walikuwa wamejaa mpaka kwenye sufuria ya dagaa, na bibi aliacha kusema karibuni, lakini waliotangulia waliwafungulia.

Kesho yake mkono ulipita tena kwenye nondo, na swali lilikuwa lilelile. Keshokutwa pia. Alhamisi Chiku alisimama ndani ya darasa, akasema hilo swali hata yeye anataka kulielewa, na huko Meksiko kwenyewe mkonge waliukata akina nani. Akarekodiwa. Ijumaa alikuta watu kwenye kisahani chake cha sabuni, wengine bado wana miswaki mdomoni. Hakumwambia mama yake. Alichukua kiti akatoka nacho.

"Sogea," alimwambia Imakulata. "Na hao wako wasichanganyike na wangu. Wangu wana hadhi, mmoja ni mchungaji."

Rama alifuata, baada ya kukohoa sana. Wengine wakaja mmojammoja. Ndani wakabaki wasio na maswali, na darasa likawa tulivu mno.

Muhula ulipofungwa, Mwalimu Tahiri alitunukiwa cheti kwa kuitangaza shule mtandaoni. Makofi yakapigwa, Madamu akapiga naye picha. Muhula ulipofunguliwa aliingia darasani, akaegemeza simu kwenye boksi la chaki, kamera ikielekea dirishani.

Mkono ulikuwa umeshapita kwenye nondo, wageni wakiwa wameukalia kuanzia bega hadi kucha. Ulikuwa mzito. Imakulata aliushikilia kwa mkono wa pili.

"Mwalimu, lile swali langu hujalijibu."

Wakacheka, wake na wa wenzake, korido nzima. Akawasubiri kama mtu anavyosubiri lori lipite ndipo avuke barabara. Kisha akauliza tena.