Mimi Ndiye Niliyewasha

Sina subira, na watu wangu wote wanalijua hilo. Donge likichelewa kuumuka, nagombana na unga. Kwa hiyo nitasimulia haraka, kabla sijaanza kujitetea, maana kujitetea ndiyo kazi niliyozaliwa nayo. Kuoka mikate nilijifunza ukubwani.

Mimi na mke wangu tuna tanuri la mikate nyuma ya nyumba yetu. Katikati ya chumba kuna mashine ya kukandia unga: pipa la chuma, na ndani yake kulabu nene inayozunguka. Unga ukigandia chini, mtu huinama, akaingiza mkono mpaka kwapani, akakwangua. Swichi iko ukutani, nyuma ya rafu za matreya, na ukisimama pale mashine huioni. Aliyefunga zile nyaya alikuwa mpumbavu. Ni mimi.

Ndiyo maana tulijiwekea sheria tangu mwaka wa kwanza wa ndoa. Anayetaka kuwasha huuliza kwa sauti, "Kuna mtu?" Aliyeingiza mkono hujibu, "Nimo!" Usiposikia kitu, unauliza tena, kisha unakwenda kutazama kwa macho yako. Miaka kumi na saba, kutwa nzima, Kuna mtu, Nimo, mpaka majirani wakawa wanatuiga kwa utani.

Sasa sikieni ujinga. Kanisani kwetu nilikuwa mzee wa kanisa, tena ndiye niliyefundisha semina ya ndoa. Ndiyo, mimi huyu huyu. Nyani haoni kundule. Siku ya mkutano wa wanandoa tulioka mikate mia mbili, na yote ikatoka haina chumvi, chapwa kabisa. Mchungaji akanitania mbele ya watu, "Mzee, leo umetulisha pamba?" Nilikuwa nimeshika kipaza sauti. Nikasema, "Muulizeni mama, mapenzi yamemsahaulisha chumvi!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mke wangu akainamisha kichwa. Chumvi hupima mimi. Simwachii mtu, kwa sababu huwa najiona ni mimi tu ninayejua kupima.

Nyumbani hakugomba. Aliuliza mara moja tu, "Utawaambia?"

"Mambo madogo haya, mama. Usiyakuze."

Akanyamaza. Nami nikanuna kwa sababu amenuna. Siku tisa! Mezani kila mtu alisali kimoyomoyo. Kazini tulipishana kama wapangaji waliogombea choo. Ile "Kuna mtu?" ikafa, kwa kuwa aliyeuliza angekuwa ndiye ameanza kuongea, na mimi, mwalimu wa semina, nilishaapa kwamba sianzi. Nikitaka kuwasha, nachungulia kwenye upenyo wa rafu. Nikiona kitambaa chake cha kichwa upande wa tanuri, nawasha.

Siku ya tisa, saa tatu asubuhi, rafu zilikuwa zimejaa na hakukuwa na upenyo wowote. Mikate ya shule ilikuwa inasubiriwa. Nikasimama, kidole juu ya swichi. Mungu ananiona: nilisita, nikawaza kwamba huenda yumo. Nikajiambia, kama yumo, atasema mwenyewe.

Nikawasha.

Ile sauti sitaieleza. Nilizima papo hapo, lakini kulabu ilikuwa imeshazunguka robo ya mzunguko, na robo ilitosha. Nilipofika nilimkuta ameegemea ukingo wa pipa kwa kifua, macho wazi, halii. Unga mweupe ulikuwa unageuka mwekundu taratibu. Hapo ndipo nilipofungua mdomo. Nilimwita yeye, nikamwita mama yangu, nikamwita Yesu, nikatoa kelele zote nilizozibana siku tisa, na hakuna hata moja iliyomsaidia kitu.

Hospitalini daktari alisema mifupa imevunjika mahali patatu, lakini hilo halimtishi. Kinachomtisha ni damu. Isipofika vidoleni kabla ya jioni, mkono itabidi wakate hapa. Akajionyesha chini kidogo ya kiwiko, kama fundi anayemwonyesha mwenzake pa kukatia ubao.

Nikaketi kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji. Woga ule siwezi kuupamba. Nilikwenda chooni mara tatu, mzee wa kanisa mzima. Kila mlango ulipofunguliwa nilidhani wamekuja kuniambia wameshakata. Niliogopa atapoteza mkono. Niliogopa atapotea yeye. Na chini kabisa ya woga huo, naona haya kusema, niliogopa watakapouliza nani aliwasha.

Kaka yake mkubwa, dereva wa lori, akafika anahema. Huyu shemeji yangu hatukutani bila kutaniana, lakini siku ile utani wote ulikuwa umemwisha.

"Shemeji, imekuwaje?" Kabla sijajibu, akanifungulia mwenyewe mlango wa kujitetea. "Hakusema yumo? Si mna ile sheria yenu?"

"Hakusema," nikajibu.

Na ni kweli, hakusema. Baba yetu wa kwanza kule bustanini naye alisema kweli tupu alipoulizwa: alipewa na mwanamke.

Shemeji akatikisa kichwa, akaniwekea mkono begani. "Pole sana. Dada yangu huyu na ukimya wake, tangu utotoni."

Mkono wake ulikuwa mzito, wa joto, na ulinifariji. Palepale nikaona mambo yote yatakavyokwenda. Mchungaji ataambiwa hivyo hivyo. Kanisa litamwombea yeye, mzembe. Na mimi nitasimama kwenye semina nitoe ushuhuda wa jinsi nilivyomuuguza, naye amekaa mstari wa mbele, mkono mmoja wa gauni lake unaning'inia mtupu. Sikuogopa kwamba nitashindwa. Niliogopa kwa sababu nilijua nitaweza kabisa, na usiku nitalala usingizi mzuri.

"Shemeji, niondolee huo mkono," nikasema. "Hakusema kwa sababu sikuuliza. Kuuliza ni juu ya anayewasha. Mimi ndiye niliyewasha. Na ile chumvi pia ni mimi."

"Chumvi gani?"

Nikamweleza yote, toka mikate mia mbili mpaka kile kidole juu ya swichi. Aliniangalia, ngumi inakaza, inalegea. Nilitamani anipige tu yaishe. Hakunipiga.

"Sasa mimi unaniambia ya nini?" akasema. "Mimi nimevunjika wapi? Mwambie yeye."

Saa kumi na moja jioni daktari alitoka. Alikuwa ameziminya kucha moja moja. Nne zimerudisha rangi, ya kidole kidogo imekataa. Mkono utabaki, kidole hakitabaki. Nikamshukuru Mungu kwa sauti iliyokatika, kisha nikaogopa upya, kwa sababu sasa ilikuwa zamu yangu kuingia.

Alikuwa macho. Bandeji ilifika begani. Sikujua niiweke wapi mikono yangu miwili mizima. Nikapiga magoti kando ya kitanda.

"Mke wangu, nilijua huenda umo. Nilisimama, nikawaza, nikawasha. Sikuuliza kwa sababu ya kiburi. Kanisani nilikutwisha kosa langu, watu wakakucheka, nikakuacha nalo. Nitakwenda kulisema mbele ya wale wale, na uzee wa kanisa nauweka chini. Naomba unisamehe. Na usiponisamehe leo, sinuni."

Alikuwa anatazama dari.

"Nilisikia ndara zako," akasema. "Zilikwenda mpaka kwenye swichi, zikasimama. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Nikasema hapana, leo aanze yeye. Nikauacha mkono mle mle."

Neno moja tu, na sote wawili tulilikalia. Lakini sikieni nilivyo mimi. Ndani yangu kitu kilipiga makofi. Kumbe na yeye! Kumbe si mimi peke yangu! Raha ile haikuzidi kufumba na kufumbua, lakini ilinitisha kuliko damu ndani ya unga, kwa maana nilishaionja kabla: ndiyo ile ile ya ukumbini, watu walipokuwa wanacheka. Na hakuna aliyeiona. Ningeimeza, nikamshika mkono, tukalia pamoja, na ingekuwa toba nzuri ya kusimuliwa kanisani.

Nikamwambia. "Uliposema hivyo, nilifurahi. Nimepiga magoti hapa naomba msamaha, na nimefurahi kwamba na wewe una kosa."

Akanigeuzia uso. Nilingoja aniambie nitoke. Kisha akautoa mkono wake mzima chini ya shuka, akauweka kitandani karibu na uso wangu, bila kunigusa.

"Nimekuogopa miaka kumi na saba," akasema. "Leo woga umepungua kidogo."

Mimi sikuwahi kujua kwamba ananiogopa.