Baki Moja, Baki Tano

Siku ya nne tangu atoke hospitali, mwalimu wa hesabu alijifungia chumbani asubuhi kweupe, akajitungia mtihani. Wiki mbili nyuma aliteleza kwenye ngazi za shule akapiga kisogo sakafuni. Daktari alisema amepona. Lakini jana yake, alipotaka kijiko, mdomo wake uliomba ufunguo. Alicheka, mkewe naye akacheka.

Jumatatu alitakiwa kufundisha kugawanya polinomia, somo alilolizoea kwa miaka kumi na tisa. Akaandika x³ − 4x + 5, aigawanye kwa x − 2. Aligawanya, akazidisha, akatoa. Baki likawa moja.

Akalihakiki kwa kanuni ya baki: weka 2 penye x. Nane, toa nane, jumlisha tano. Tano.

Akarudia kugawanya. Moja. Mara ya tatu akaenda hatua kwa hatua. Moja. Kama hili limepotea, kingine kilichopotea ni kipi?

Sauti ya cherehani sebuleni ilikoma. Mkewe, fundi nguo, alibisha mlango, akaingia na utepe wake shingoni. Mwalimu alifunika daftari.

“Ile ya kijiko hukuwa unatania,” mkewe alisema.

Hapo mwalimu akamweleza yote. Mkewe alikaa kitandani, akamwomba amfundishe hesabu hiyo. Mwalimu alikataa, akasema hajiamini tena.

“Nifundishe hivyo hivyo, baba watoto.”

Akaanza kwa sauti ya chini. “Kitu chote ni sawa na kigawanyo mara jibu, jumlisha baki. Kigawanyo chetu ni x kutoa mbili. Sasa x ikiwa mbili, hicho kinakuwa sifuri, na sifuri inafuta chochote inachozidisha. Kinasalia nini?”

“Baki. Basi tano ndiyo ya kweli.” Mkewe akalivuta daftari. “Hapa kuna x ya tatu, halafu x tupu. Ya pili iko wapi?”

Mwalimu alitazama. Haikuwepo, na yeye hakuiachia nafasi yake kwa sifuri. −4x aliipanga mahali pa x². Kosa lile lile alilowagombezea wanafunzi kila mwaka. Akaandika 0x², akagawanya upya. Jibu x² + 2x, baki tano.

Badala ya kufurahi, alizidi kuogopa. Mara tatu hakuliona. Na makosa yasiyo na kanuni ya kuyahakiki, atayajuaje?

Mkewe alivaa viatu, wakarudi hospitali siku ile ile. Daktari alimpiga picha nyingine ya kichwa, akasema damu haijavujia ndani, ila ubongo bado unapona. Apumzike mwezi mzima, na yeye daktari hawezi kumwahidi kitu. Mwezi huo mwalimu alikuwa akilipima kila neno kabla ya kulitamka.

Aliporudi darasani, aliwaambia wanafunzi ukweli, akawaagiza wahakiki kila jibu, na la kwake pia. Siku hiyo hiyo msichana wa dawati la nyuma alinyoosha mkono, akasema baki la ubaoni si sahihi.

Mwalimu alisoma ubao mstari kwa mstari. Kigawanyo kilikuwa x + 3. Msichana alikuwa ameweka 3 badala ya −3; baki la ubaoni lilikuwa sahihi.

Alimwelekeza kwa upole. Kisha, mpaka kengele ilipolia, akawa anahakiki upya kila mstari alioandika.