Leso Juu ya Paa

...naifunika mimi ile sola ya dukani, anasema shangazi Kulthum, jua likikaza naitupia leso, ili yako ishinde, mwanangu, na anacheka, sinia mkononi, na Habib kabaki na kaimati baina ya vidole, shira inamchuruzika kiganjani, na huko uani Daktari Ndinda, mwalimu wake wa chuoni, ananawa mikono, maji yanasikika, hajasikia, alhamdulillahi hajasikia, yeye aliyekuja mpaka Takaungu kumshukuru shangazi, mwenye paa lililofungwa sola mbili za majaribio, yeye aliyesimama Nairobi mbele ya wataalamu akawaambia kijana wangu kapaka sola chembechembe ndogo hata jicho halizioni, zinaushika mwanga usirudi angani, pembeni yake kaweka sola tupu ya dukani, na yake imeiacha mbali, wakampigia makofi... yarabi, makofi ya leso! Na nani aliyemtia shangazi maneno hayo, si yeye mwenyewe, siku ya kuzifunga, niombee dua, shangazi, hii yangu ikishinda nitakuwa mtu, naye masikini hakuishia kwenye dua... Mbona huli, mwanangu? Nakula, shangazi. Atamwambia Daktari ni huyu bibi, hajui, hakusoma... eh, Habib, huna haya, mwanamke aliyekulea, leo umtupie aibu yako kama maji machafu? Na hiyo leso uliikuta, nyekundu, imetandazwa juu ya sola, ukaikunja mwenyewe ukasema moyoni ni nguo za kuanikwa, nguo gani za kuanikwa kila adhuhuri, mahali pale pale, na kamba ya nguo iko uani? Uliziona namba za umeme wa ile ya dukani zikianguka saa ambayo jua ni kali kuliko zote, ukajiambia ni joto linaipunguzia nguvu, kwa sababu ulitaka liwe joto... maji bado yanamwagika, Daktari anaimba kidogo, ana furaha, shangazi kasimama na sinia anangoja asifiwe, kaimati ingali mkononi, imepoa, na Habib hatafuti tena wa kumsingizia, aibu imemkaa usoni waziwazi, aione anayetaka, na leso hataitaja kabla ya kujitaja mwenyewe, atasema, Daktari, niliona, nikafurahi, sikuuliza.