Sindano Ikifika

Minxia alisema neno lake asubuhi, akiwa amechuchumaa kumfunga mama yake viatu.

"Leo sindano ikifika, Mama, mimi napanda treni ya saa kumi. Isipofika, nawapigia simu nafasi yangu wampe mwingine. Tusibishane tena."

"Nani anabisha?" akasema Tao Xiuqin. "Itafika."

Alisema hivyo kwa kinywa kikavu. Miaka ishirini na sita Tao alivuta tambi kwa mikono katika duka lile lile la Baisha, watu wakila supu ya kondoo hadi jasho linawatoka puani. Mwezi wa pili kiharusi kikampiga akiwa amesimama mbele ya unga. Hospitali ya mkoani ikamtibu, mguu ukarudi, ulimi ukarudi, ila mkono wa kulia ukabaki unaning'inia tu. Duka likafungwa. Minxia, mtoto wake wa pekee, akaja kutoka Guangzhou kwa wiki mbili, zikawa miezi saba. Huko Guangzhou alikuwa amefaulu mtihani wa kuendesha treni za chini ya ardhi, na Jumatatu angekabidhiwa ya kwake. Kampuni ilikuwa imemngoja mara mbili. Mara ya tatu hakuna.

Hilo ndilo lililomnyima Tao usingizi, si mkono. Mkono alikwisha kuuzika moyoni kitambo. Asichoweza ni kumzika na mtoto pamoja nao.

Kwa Daktari Ge, mganga wa sindano, kulikuwa na vitanda vinne na harufu ya majani yaliyounguzwa. Kwenye kitanda cha kwanza alilala Mzee Kou, muuza mabata, sindano zimemsimama kuanzia paji la uso hadi kidevuni.

"Mgeni huyo," akasema Mzee Kou bila kusogeza midomo. "Usiogope, dada. Mimi mwaka wa tatu huu nimekuwa nungunungu, na mke wangu bado ananitambua."

"Anakutambua kwa kelele," akasema Daktari Ge. "Nyamaza, utazitoa." Akamgeukia Tao. "Umekula?"

"Uji kidogo."

"Vizuri. Kwangu mtu haji na njaa, haji amelewa, haji na hasira. Toa ulimi." Akautazama, akaguna. "Umeusugua."

"Nilitaka uwe safi, daktari."

"Wageni wote ndivyo mnavyofanya. Mnanifutia barua kabla sijaisoma. Kesho uache kama ulivyoamka nao."

Akauliza anavyolala, anavyokwenda chooni, kama miguu yake ni ya baridi, kama anatokwa jasho usiku. Akaweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, akafumba macho. Halafu wa kulia. Hapo akakaa muda mrefu mno, na Tao akaanza kuhesabu vigae vya ukutani ili asitazame uso wake.

"Sikiliza sasa, maana haya nawaambia wote siku ya kwanza," akasema daktari. "Pumzi ya mwili ina njia zake, kama maji ya shambani. Mfereji ukiziba, shamba la chini linakauka. Sindano ni ya kuzibua. Nikiichoma, hutasikia maumivu ya sindano ya hospitali. Utasikia uzito, au ganzi, au nyama kujaa, au kama umeme mdogo unatembea. Hapo sindano imefika. Na mimi nitajua kwa vidole, maana nyama inaikamata sindano. Wewe useme na vidole vyangu viseme. Mmoja akikataa, haijafika."

"Na ikifika?" akauliza Minxia. Alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na dirisha, mkoba magotini.

"Ikifika pana njia. Mara kumi, mapumziko, mara kumi tena. Jirani yeyote anaweza kumleta."

"Na isipofika?"

Daktari Ge alijishughulisha na pamba yake.

Sindano ya kwanza akaichoma kati ya kidole gumba na cha shahada. Tao aliiona ikiingia. Aliiona kama anavyoona mtu akichoma sindano kwenye mto.

"Unasikia?"

"Nasikia," akasema Tao. "Uzito."

Daktari akaizungusha sindano taratibu, akaivuta kidogo, akaisukuma. Uso wake haukubadilika, ila nyusi zilishuka. Akachoma ya pili chini ya kiwiko.

"Hii je?"

"Ganzi. Inapanda."

Minxia akainua kichwa. Daktari akazungusha tena, kisha akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mlango usiofunguliwa.

"Geuka utazame ukuta, Dada Tao. Hii ya bega haifai kutazamwa." Tao akageuka. "Haya, nachoma. Imeingia. Unasikia?"

"Ah, hii imefika hasa," akasema Tao. "Kama umeme. Mpaka vidoleni."

Tao akageuza shingo. Sindano ilikuwa bado katika mkono wa kushoto wa daktari, haijamgusa.

Aibu ikampanda hadi masikioni. Akamtazama Minxia upesi. Minxia alikuwa amegeukia dirishani, anatazama baiskeli za watu huko nje. Tao akashusha pumzi.

"Binti," akasema daktari, "nenda kwenye droo za dawa, mpe mke wangu karatasi hii akupimie."

Alipotoka, daktari akainama. "Mimi sikukuchoma."

"Nimeona."

"Nimefanya kazi hii miaka arobaini na moja. Nyama yako imeachia kila sindano kama jibini la soya. Sasa mtoto nimwambie nini?"

"Mwambie imefika." Tao akamshika kwa mkono wake mzima. "Daktari, nakuomba. Uwongo mmoja tu. Treni ni saa kumi."

Minxia aliporudi na mafurushi ya dawa, daktari alikuwa anazitoa sindano, mgongo ukimwelekea. "Imefika," akasema. Halafu akaenda kunawa mikono, akanawa kwa muda mrefu.

Nyumbani, nyuma ya duka, Minxia akaichemsha dawa kwenye chungu, akamnywesha mama yake bakuli zima bila kumpa nafasi ya kulalamika uchungu. Kisha akachukua makapi yaliyobaki.

"Acha, nitayamwaga mwenyewe," akasema Tao.

"Kaa. Naenda."

Makapi ya dawa humwagwa njia panda, wapita njia wayakanyage na kuondoka na ugonjwa chini ya soli zao. Ni wageni tu wanaokanyaga. Mtu wa nyumba ya mgonjwa hupita mbali, asije akaubeba yeye. Minxia alilijua hilo tangu ana miaka minne, siku mama yake alipomchapa kwa kuyarukaruka makapi ya bibi.

Tao akasimama mlangoni mwa duka, mfuko wa safari wa Minxia miguuni, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili akajisikia amefanya jambo. Huko njia panda Minxia aliinamisha chungu, makapi meusi yakamwagika. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Akavua viatu. Akaingia katikati ya makapi kwa miguu mitupu, akakanyaga, akakanyaga, taratibu na kwa uzito wote, jinsi mama yake alivyokuwa akikanda unga, asiache hata jani moja.

Kwa hiyo sindano ile isiyochomwa aliiona. Kule dirishani hakuwa akitazama baiskeli.

Tao alirudi ndani, akakaa kwenye meza ya kukandia. Minxia akaingia, viatu vikiwa miguuni, chungu mkononi.

"Njia panda ina watu leo," akasema.

"Wamekanyaga?"

"Wamekanyaga wote, Mama."

Akauchukua mfuko wa safari, akapita nao chumbani. Tao akasikia zipu ikifunguliwa. Akasikia koti la sare likitundikwa kwenye msumari wake wa zamani.

"Minxia, treni."

"Bado mapema," Minxia akajibu kutoka chumbani. Ilikuwa saa tisa na nusu.

Tao akaunyanyua mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, akauweka juu ya meza. Akaubana kwa kucha, kati ya gumba na shahada, kwa nguvu zote alizobaki nazo, mpaka damu ikatoka. Akangoja. Damu ikateleza hadi kwenye mbao, na yeye hakusikia kitu.