Wakala Aliyeipa Meza Mgongo

Mbaluka alishinda tena mechi ya pool Jumamosi ile, na hakuna kilichomgusa. Watu walipiga meza kwa viganja, mwenye baa akamletea soda ambayo hakuiagiza. Yeye akaegemeza fimbo yake ukutani kama mtu anayerudisha ufagio. Tangu mkewe Ndete azikwe, ushindi kwake ulikuwa kama ugali wa jana: unashibisha, lakini nani atausifu?

Nje ya mlango, juu ya kreti ya soda iliyopinduliwa, alikaa wakala wake. Wachezaji wengine wa pool hapo mtaani Jericho wana mawakala wenye viatu vilivyochongoka na simu mbili mbili. Wakala wa Mbaluka alikuwa mama mkwe wake. Kichwani kitambaa cha akina mama wa kanisa, mapajani chupa ya chai, na meza ya pool ameipa mgongo.

Ilibidi aipe mgongo. Kwao Ukambani mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawapeani mikono, hawali sahani moja. Hiyo ndiyo nthoni, na si chuki. Ni heshima iliyokazwa kama ngozi ya ngoma. Kwa hiyo bibi yule hakuwa amemwona mchezaji wake akicheza hata siku moja. Alisikiliza tu. Mipira ikigongana vizuri, alimimina chai. Ikigongana vibaya, alisonya mpaka wapita njia wakageuka.

Uwakala wenyewe aliuokota kwenye simu. Ndete ndiye aliyekuwa akimtafutia mumewe mechi, akiwafukuza waandaaji walaghai na kukagua kama meza imekaa sawa. Wakati wa matanga simu ya marehemu ikalia, mtu akauliza, "Naongea na wakala wa Mbaluka?" Mama Ndete akafuta machozi kwa pindo la leso. "Unaongea naye. Lete maneno." Na nani angethubutu kumwambia mfiwa kwamba kazi ile hairithiwi kama sufuria?

Akaiweza, hilo hata maadui walikiri. Mwandaaji mmoja wa Mathare aliyetaka Mbaluka achezee meza iliyoinama alipigiwa simu kila alfajiri, baada ya sala, mpaka akamtafuta fundi mwenyewe. Tatizo lilikuwa moja tu: kila neno kati ya wakala na mchezaji lilipitia kwa mtu wa tatu. Jirani, mhudumu wa baa, hata mlevi, mradi awe bado anasimama.

Jumamosi hiyo mtu wa tatu alikuwa Job Okinyi, mmoja wa wale wa viatu vilivyochongoka, ambaye kwa muda mrefu alimmezea mate Mbaluka.

"Mwambie," alisema Mama Ndete, macho barabarani, "kiwanda cha rangi kule Industrial Area kitamdhamini mwaka mzima. Jumatano tunaenda kutia sahihi."

Job akageuka kwa uchungu. "Buda, umepata mdhamini."

Mbaluka akatikisa kichwa.

"Ametikisa kichwa, mama."

"Kutikisa gani?"

"Kwa ndiyo."

"Haya."

Job akamvuta Mbaluka kando, karibu na kibanda cha mboga. "Msee, sikiza. Kampuni zinataka wakala wa kukaa naye mezani, si wa kukaa kwa kreti. Huyu mathe siku moja atakukwamisha. Kuja kwangu."

Mbaluka aliangalia mgongo ule juu ya kreti. Mdhamini, fimbo mpya, jina gazetini, vyote alivitazama kama mvua ya mtaa wa pili. Kitu kimoja tu alikijua: kila mama yule alipompa mgongo, yeye alikuwa bado mume wa Ndete. Hakuna mwingine duniani aliyemtendea kama mume wa Ndete. Siku mgongo ule ukigeuka, basi, mke atakuwa amekufa kweli.

Jumatano wakafika kiwandani. Job akaja nao bila kualikwa, kama nzi wa kidonda, lakini mtu wa tatu alihitajika. Mbaluka akakaa ofisini, Mama Ndete akaketi kwenye ukumbi wa nje, nyuma ya ukuta. Karatasi zikapita mlangoni, kalamu ikapita mlangoni, Job naye akipita nazo. Afisa wa matangazo, msichana mchangamfu aitwaye Clare, alicheka akidhani ni mzaha wa kifamilia.

Kisha mpiga picha akainua kamera. "Sasa mchezaji na wakala. Shikaneni mikono, tazamaneni, tabasamu."

Mbaluka hakuinuka kitini.

"Mama, ingia," Clare akaita. "Hii picha ndiyo tutabandika kila duka. Si wewe ulituambia kwenye simu ni mkwe wako? Wakubwa waliipenda hiyo zaidi ya kitu chochote. Mkwe na mama mkwe, timu moja! Bila picha hii sina la kuwaambia."

Mama Ndete alikuwa amejinasa kwa ulimi wake. Alijisifu ukwe ili apate mkataba, akasahau kwamba wenye rangi watataka kuuona kwa macho.

"Lakini si nthoni huondolewa?" Job akachokoza. "Nasikia mkwe analeta mbuzi na blanketi, mambo yanaisha."

"Huondolewa," sauti ya mama ikajibu kutoka nje, polepole.

Mbaluka akautazama mkono wake wa kulia. Ni mkono tu, aliwaza. Mbuzi ni mbuzi tu. Hakusikia kitu kifuani. Akaanza kuinuka, kiti kikalia.

"Job! Mwambie akae chini."

Akakaa.

"Mawakala ni kama nzige," mama akaendelea, "ukifukuza mmoja wanatua kumi. Mkwe ninaye huyo mmoja, na aliyenipatia yuko kaburini, hataniletea mwingine. Job, viatu vyako ni visafi? Ingia upigwe picha. Kazi ni yako."

Clare akapiga simu, akabembeleza, wakubwa wakakubali shingo upande. Pichani Job alionyesha meno yote na ufizi. Mbaluka alitoka kama ukuta unaongoja rangi.

Walipomaliza, Mama Ndete alikuwa amesimama akimkazia macho mlinzi wa langoni, asiyejua amekosa nini.

"Job, sikiliza vizuri. Usimpangie mechi kabla hajala. Meza uikague mwenyewe, hata kama suruali itachafuka. Mtu akikwambia 'tutaona', huyo ni mwongo, kata simu. Na umwambie anyoe hizo ndevu."

"Mama, umezionaje?"

"Mtaa mzima unazisema. Mwanangu hakuolewa na beberu."

Mbaluka alikuwa mlangoni, naye amempa mama mgongo, ameelekea makopo ya rangi yaliyopangwa hadi dari. Kwa mara ya kwanza tangu matanga, kitu kilimgusa. Hakujua kama ni kicheko au ni kilio. Kilikuwa na uzito, na kiliuma.

"Mwambie nitanyoa," alisema.

Job akatazama mgongo huu, akatazama na ule. "Anasema atanyoa."

"Lini?"